Kwenda Gombe kwa boti na kurudi siku hiyo hiyo: maswali tunayoulizwa sana Kigoma

Shule zikifunga, na zaidi mwezi wa Juni na Desemba, Kigoma hupokea wageni wanaotaka siku moja ya kukumbuka ziwani. Wengi wanataja Gombe, hifadhi ya taifa yenye sokwe. Majibu yafuatayo ni ya mtu anayetaka kuondoka asubuhi, kuona sokwe, kuoga ziwa na kurudi kulala mjini. Atakayelala hukohuko hifadhini ana nafasi zaidi, na baadhi ya mambo ya hapa hayamhusu.

Gombe ni kisiwa?

Si kisiwa, ingawa wengi wanakiita "kisiwa cha sokwe". Ni ukanda mwembamba wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Mbele kuna maji, nyuma kuna kuta za milima ya Bonde la Ufa, na barabara ya gari kuingia ndani haipo. Kila kitu kinafika kwa boti: watafiti, askari wa hifadhi, unga, saruji na wewe. Lilikuwa pori la akiba tangu 1943, likawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Nchi kavu yake ni kilomita za mraba 35 hivi, kwa hiyo ni moja ya hifadhi ndogo kabisa nchini.

Kama nia yako ni kisiwa chenyewe hasa, kilichozungukwa na maji pande zote, vile vya kupendeza upande wetu wa ziwa viko Kipili, mkoani Rukwa. Huko huwezi kwenda na kurudi kwa siku moja ukitokea Kigoma.

Kweli siku moja inatosha?

Inatosha, ila kwa boti ya kukodi tu. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo soma jibu linalofuata kwa makini kabla hujafunga begi.

Kwa nini nisipande boti ya abiria? Si ni rahisi zaidi?

Ni rahisi kwa bei, sana. Boti hizo zinaondoka Kibirizi, pwani iliyo kaskazini kidogo ya mji, zikielekea vijiji vya mwambao mpaka Kagunga, mpakani na Burundi. Zinapita Gombe njiani na zitakushusha Kasekela, kwenye makao ya hifadhi, ukimwambia nahodha mapema. Tatizo ni ratiba. Zimepangwa kwa ajili ya watu wa vijijini: asubuhi zinaleta wauzaji na wagonjwa mjini, mchana zinawarudisha na mizigo yao. Ukipanda Kibirizi saa 6 au saa 8 mchana, ukasafiri kwa muda wa saa tatu hivi, unafika Gombe alasiri au jioni. Ya kurudi inapita kesho yake asubuhi na mapema. Maana yake umelala. Na Jumapili usizitegemee.

Hata hivyo, kama una siku mbili, mimi naipenda boti ya abiria kuliko nyingine zote. Unaingia majini mpaka magotini, viatu mkononi, au unabebwa mgongoni na kijana kwa malipo kidogo. Unakaa juu ya ubao kati ya magunia ya unga, madumu ya mafuta ya taa, godoro lililokunjwa na kuku waliofungwa miguu. Boti inashika mwambao, inasimama kila kijiji, na mitumbwi midogo inakuja kuchukua watu na mizigo. Ukiingia, salimia. Shikamoo moja kwa mama aliyekaa karibu nawe inafungua mazungumzo ya safari nzima, na ndiye atakayekuambia uhame upande kabla wimbi halijakulowesha.

Boti ya kukodi nitaipata wapi, na bei ikoje?

Njia ziko tatu: ofisi ya hifadhi iliyoko Kigoma mjini, hoteli unayofikia, au wenye boti wenyewe. Anza na ofisi ya hifadhi hata kama hutatumia boti yao, maana watakuambia pia hali ya sokwe kwa wiki hiyo na namna ya kulipia kiingilio.

Bei ya boti haihesabiwi kwa kichwa. Unakodi boti nzima, kwenda, kusubiri na kurudi, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ni mafuta. Mkiwa wawili mtaiona ghali, mkiwa wanane inakuwa nafuu. Ndiyo maana nashauri familia mbili ziungane, au uulize hotelini nani mwingine anakwenda kesho. Mkubaliane kabla ya kuondoka: bei yote, muda wa kusubiri, na nani analipia mafuta kama mtachelewa. Usilipe yote mwanzo. Lipa ya mafuta, iliyobaki ukirudi.

Tuondoke saa ngapi?

Mara tu kukipambazuka. Mgeni kutoka Dar anajiwekea saa 12 kamili akidhani kutakuwa kweupe, anafika ufukweni anakuta giza. Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi lakini saa ni ileile, kwa hiyo jua letu linachomoza karibu na saa 1 asubuhi na kuzama karibu na saa 1 jioni. Muwe ufukweni saa 12 na robo, mwondoke mwanga ukianza kuonekana.

Sababu ya kuwahi ni sokwe na upepo. Sokwe hulala kwenye viota wanavyovitengeneza juu ya miti kila jioni, na wafuatiliaji wa hifadhi wanajua waliwaacha wapi jana. Asubuhi unawakuta karibu na hapo, au njiani kwenda kula. Kadiri mchana unavyosonga ndivyo wanavyopanda mabonde ya juu, nawe unawafuata. Upepo nao: asubuhi ziwa mara nyingi limelala kabisa, alasiri linaweza kuamka. Boti yenye mashine nzuri inafika kwa saa moja hivi, ya mbao yenye mashine ndogo inachukua mbili au zaidi.

Kurudi, mwisho saa 9 alasiri muwe ndani ya boti. Hata mashine ikisumbua, mnabaki na mwanga wa kutosha.

Ziwa lina hatari?

Ndiyo, na anayekuambia ni bwawa tu hakutakii mema. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470. Duniani linazidiwa kina na Baikal ya Urusi peke yake. Upepo wa kusini ukipuliza kwenye maji marefu namna hiyo, mawimbi yanapata nafasi ya kukua kabla hayajakufikia. Wakati wa masika hatari ni nyingine: wingu jeusi linatokea upande wa Kongo, ngurumo, mvua, na kwa nusu saa huoni ufukwe.

Kabla ya kupanda, angalia kwa macho yako mwenyewe. Kila abiria awe na jaketi okozi lake, mtoto awe na la saizi yake, na yavaliwe, yasikaliwe. Livute kamba uone kama linafunga. Uliza kama kuna mashine ya akiba, na mafuta ya ziada yako wapi. Angalia boti imesajiliwa, namba zake ziko ubavuni. Hesabu watu. Kama wamezidi, shuka. Hakuna wa kukulaumu. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa hutolewa kila siku na inagusa maziwa makuu, isome usiku kabla ya safari.

Na nahodha akisema leo hatuondoki, usimbembeleze wala usimwongezee fedha. Mtu aliyekulia kwenye maji haya anaona kwenye rangi ya ziwa jambo ambalo wewe hulioni. Hiyo siku nenda Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone tarehe 10 Novemba 1871, kesho mtajaribu tena.

Nitawaona sokwe kwa uhakika?

Hakuna atakayekuhakikishia, ila nafasi ni kubwa. Jamii inayotembelewa zaidi na wageni ni ya Kasekela, ambayo imezoea binadamu kwa zaidi ya miaka 60. Upande wa kaskazini kuna jamii ya Mitumba na kusini ya Kalande. Siku nyingine mnatembea dakika ishirini mnawakuta wamekaa chini ya mchikichi wakila chikichi, zilezile tunazokamulia mawese huku mjini. Siku nyingine mnapanda saa tatu, jasho linatiririka, mnasikia tu mlio wao ukipanda kutoka bonde la pili: unaanza chini chini, unaongezeka, unaishia kwa ukelele. Mkiusikia, mwongoza wageni atasimama ghafla. Nawe simama, usiulize kitu.

Mkiwapata, mna saa moja, si zaidi. Usiitumie yote kwenye simu. Tazama mikono yao. Tazama mama anavyomchambua mtoto manyoya huku macho yakiwa kwa dume linalopita. Hao si kundi la wanyama wasio na majina: watafiti huwapa watoto majina yanayoanza na herufi ya mama yao, ndipo ukapata ukoo wa F, wa Flo na binti yake Fifi, na ukoo wa G, wa Gremlin aliyezaa mapacha Golden na Glitter mwaka 1998 akawalea wote wawili, jambo la nadra sana kwa sokwe. Mwombe mwongoza wageni akuambie unayemwona ni nani na ni mtoto wa nani. Wengi wao wanawajua kama unavyowajua majirani, na wanafurahi kuulizwa.

Masharti yakoje? Nasikia ni mengi.

Ni machache, ila hayana mjadala. Mnakaa umbali wa mita 10 au zaidi. Mnavaa barakoa. Hamli wala hamnywi mbele yao, hamtemi mate, hamwachi hata ganda la ndizi. Hampigi kelele wala picha za mwanga wa flashi. Kundi halizidi watu sita. Sokwe akikujia, unarudi nyuma taratibu au unampisha njia, hukimbii.

Sababu ni maradhi. Sokwe anafanana nasi kwa vinasaba karibu asilimia 98, kwa hiyo kinachotuua nasi kinamwua na yeye, tena yeye hana zahanati. Mwaka 1966 polio iliingia Gombe, wengine wakafa na wengine wakabaki na viungo vilivyopooza. Mafua na homa za mapafu zimewapunguza mara kadhaa tangu hapo. Waliobaki hifadhini ni kama mia moja hivi, na mashamba na makazi yamewazunguka nyuma kote, hawana pa kuhamia. Kwa hiyo ukiamka siku ya safari unakohoa, unatokwa makamasi au unaharisha, sema. Najua umelipa nauli ya ndege na umeomba ruhusa kazini. Sema hivyo hivyo. Baki ufukweni, wenzako wapande.

Watoto wanaruhusiwa?

Kuingia hifadhini ndiyo. Kuwafuata sokwe, hapana, mpaka afikishe miaka 15. Dume la sokwe lina nguvu kuliko mtu mzima na mtoto mdogo kwake anaweza kuonekana windo. Mkiwa na watoto, wazazi wapokezane: mmoja anapanda, mwingine anabaki nao ufukweni au anawapeleka kwenye maporomoko na mwongoza wageni.

Mama yangu ana miaka 65, ataweza?

Inategemea magoti, si miaka. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari na vilele vya hifadhi vinapita mita 1,500, na kati yake hakuna tambarare ya kuitaja. Njia ni za mteremko, zina mizizi, na mvua ikinyesha zinateleza. Mwambie mwongoza wageni ukweli tangu mwanzo, aombe taarifa za wafuatiliaji kabla hamjaanza kupanda. Mwenye magoti mabaya anaweza kwenda mpaka maporomoko ya Kakombe, njia yake ni fupi na ina kivuli. Fimbo ni muhimu kushuka kuliko kupanda.

Mbali na sokwe kuna nini?

Maporomoko ya Kakombe yenyewe yanatosha siku: maji yanaanguka kwenye korongo lililofunikwa mimea, na ubaridi wake unausikia kabla hujayaona. Kuna nyani wanaoshuka mpaka ufukweni, mbega wekundu ambao sokwe huwawinda, na kima wa aina mbili tatu. Kuna kilele kinachoitwa kwa jina la mtafiti Jane Goodall, alikokuwa akikaa na darubini yake kutazama mabonde. Kukipanda na kufuata sokwe siku hiyo hiyo ni kujitesa. Chagua kimoja.

Jane Goodall alifanya nini hasa hapa?

Alifika kwa boti akitokea Kigoma, kama utakavyofika wewe, tarehe 14 Julai 1960. Alikuwa na miaka 26, hana shahada, na mama yake aliandamana naye kwa sababu wakuu wa serikali ya kikoloni hawakutaka msichana akae porini peke yake. Miezi michache baadaye alimwona dume aliyempa jina David Greybeard akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu na kulitoa limejaa mchwa, kisha akawala. Wakati huo wataalamu waliamini ni binadamu tu anayetengeneza na kutumia zana. Utafiti alioanzisha haujasimama mpaka leo, na Watanzania, wengi wao wakiwa wa vijiji vya hapa jirani, ndio wanaoamka alfajiri kufuata sokwe na kuandika wanachokiona. Yeye alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91.

Naweza kuogelea?

Ndiyo, na baada ya kushuka mlimani hutatamani kitu kingine. Maji ni maangavu, unaona samaki wadogo wa rangi wakizunguka mawe chini ya miguu yako. Wengi wa samaki hao hawapatikani kwingine popote duniani. Uliza kwanza sehemu ya kuogea. Ziwa hili lina mamba sehemu zake, na lina swila wa maji, nyoka mwenye sumu anayekula samaki. Mara nyingi yeye hukukimbia. Ukimwona, mwache apite. Kuhusu kichocho, epuka kuoga kwenye maji yaliyotulia yenye majani karibu na vijiji. Usiache nguo na mkoba mchangani bila mtu. Nyani wanafungua zipu.

Nibebe nini?

Kitambulisho cha taifa kwanza. Kinakupa kiingilio cha raia, na kwa kuwa tuko mpakani, uhamiaji wanaweza kukiuliza. Viatu vyenye meno, suruali ndefu, nguo ya mvua hata kiangazi, kofia, maji lita mbili kwa kila mtu, mfuko wa plastiki mgumu wa kufungia simu, nguo kavu za kurudi nazo, na dawa ya mbu. Soksi ndefu uzivute juu ya suruali dhidi ya siafu. Simu usiitegemee kwa mawasiliano mabondeni, kwa hiyo waage wa mjini na uwaambie mnarudi saa ngapi.

Chakula?

Nunueni mjini usiku kabla ya safari, au mwambie mpishi wa hoteli awafungie. Chapati, mayai ya kuchemsha na ndizi vinafaa kuliko wali, maana mnakula haraka na hamwachi mabaki. Mnakula ndani ya eneo la makao, mlango umefungwa kwa ajili ya nyani. Msiwape hata kipande.

Kiingilio kinalipwaje?

Kwa namba ya malipo, kupitia benki au simu. Fedha taslimu hazipokelewi getini. Viwango vinatofautiana kati ya Mtanzania, mwana Afrika Mashariki na mgeni wa nje, na gharama ya mwongoza wageni iko pembeni. Maliza malipo mjini siku moja kabla. Ukingoja mtandao Kasekela, sokwe watakuwa wameshapanda.

Msimu gani ni mzuri?

Kuanzia Julai mpaka Oktoba njia ni kavu na picha zinatoka vizuri, ila sokwe wanatembea mbali. Mvua zikiwepo, kuanzia Novemba mpaka Mei, wanazurura eneo dogo na ni rahisi zaidi kuwapata, lakini utachafuka na ziwa lina siku zake. Mimi ningechagua Julai kwa anayekuja na familia, na Novemba kwa mtu mmoja mwenye miguu: mvua za kwanza zinawaamsha mchwa, na hapo unaweza kuona kijiti kikiingia kichuguuni.

Na Mahale je, siku moja?

Hapana. Hifadhi hiyo nyingine ya sokwe iko mbali kusini, ipangie siku zake.

Nikirudi nataka dagaa. Ninunue wapi?

Kibirizi, au soko la mjini, au Ujiji. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wengi hupumzika, hivyo siku hizo bei hupanda. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hili ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo ukija katikati ya mwaka ulizia kwanza. Chukua wachache, wavunje: mzuri anakatika kwa mlio, anang'aa kama fedha na hana harufu kali. Sugua kiganjani uone kama kuna mchanga. Walioanikwa juu ya chanja ni wasafi kuliko walioanikwa chini. Wafunge kwenye gazeti kisha mfuko wa kitambaa, wasipate joto la plastiki njiani. Kama unapanda treni kwenda Tabora au Dar, nunua na lita moja ya mawese, ila mwambie muuzaji akukazie kifuniko kwa utepe mbele ya macho yako.